Kuacha kazi ya forodha nikachonge milango: ni ujasiri au ni ukaidi?

Mjukuu wa Seremala

Assalamu alaikum, na hamjambo nyote. Nina jambo lililoninyima usingizi tangu Ramadhani iliyopita, na kwa kuwa kila ninayemweleza ana kwa ana ama hunionea huruma ama hunicheka, nimeona nililete hapa ambapo hamnijui.

Mimi ni mwanamke wa miaka 38, mzaliwa wa Mji wa Kale hapa Mombasa, na kwa miaka 14 nimekuwa karani katika kampuni ya uwakala wa forodha. Kazi yangu ni kuandaa hati za mizigo inayoingia Kilindini, kuziingiza katika mfumo wa kompyuta wa forodha, na kufuatilia kontena hadi litoke langoni. Siidharau kazi hii, kwa kuwa imenilisha na imewasomesha ndugu zangu wawili. Nimeiona ikinawiri na nimeiona ikidhoofu: reli mpya ilipoanza kubeba mizigo mwaka 2018, na makontena mengi yakawa yanapelekwa moja kwa moja bandari ya nchi kavu ya Nairobi, nusu ya wenzangu walipoteza kazi nami nikasalia kwa bahati tu. Hata baada ya serikali kutangaza mwaka 2022 kwamba shughuli hizo zirudishwe Mombasa, ofisi yetu haijawa tena ilivyokuwa.

Marehemu babu yangu mzaa mama alikuwa mchongaji wa milango. Alipofariki, watoto wake waligombea kiwanja na hata redio, lakini sanduku lake la zana halikugombewa na mtu, nikalichukua mimi. Lina patasi kumi na moja, nyundo ya mti, bikari, na kinoo kilicholika katikati hata kikafanya bonde kama mashua ndogo. Nilipokuwa mtoto alikuwa akinikalisha kwenye vumbi la mbao, akachora nusu ya ua kwa bikari, kisha akanipa penseli nimalizie nusu ya pili. Nikikosea hakunikemea, alifuta na nusu yake mwenyewe, tukaanza upya sote wawili.

Kwa miaka mitatu sasa, watoto wakishalala, hutandika gunia sakafuni jikoni nikachonga. Nimeuza fremu mbili za vioo, kijisanduku cha vito na rafu moja, zote kwa watu wanaonijua, na ninafahamu kwamba baadhi yao walinunua kwa kunistahi. Hata hivyo, yale masaa mawili ya usiku ndiyo pekee katika siku yangu nzima ambayo siangalii saa.

Sasa yuko fundi mwenye karakana, si mbali na Ngome ya Yesu, aliyeniambia kwamba yuko tayari kunifunza, lakini kwa sharti kwamba niwepo kutwa kama wanafunzi wake wengine, ambao wote ni vijana wa kiume wa miaka 19 na 20. Kwamba miezi sita ya kwanza hakuna malipo isipokuwa chakula cha mchana. Na kwamba baada ya hapo nitalipwa kwa kipande. Akiba yangu inatosha chakula na karo ya watoto wawili kwa miezi saba. Mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, hakusema ndiyo wala la, alisema, “Wewe ndiwe ujuaye.” Baba alisema neno moja tu, kwamba hakunisomesha ili nikashike randa, na tangu siku hiyo tukikutana tunazungumza mvua na bei ya samaki.

Maswali yangu ni mawili. Mtu hujuaje kwamba anachokisikia ni wito, wala si uchovu wa ofisi tu? Na kwa mtu mwenye watoto, je, kuufuata ni ujasiri, au ni kuwabebesha wengine gharama ya raha yako?

Pita Njia

Dada, umri haungoji mtu. Mekatilili wa Menza alipowasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 hakungoja kuweka akiba, na walipompeleka Kisii alitoroka akarudi kwao kwa miguu. Karakana yenyewe iko hapo Ngomeni, unaogopa nini? Andika barua kesho.

Karani Mstaafu

Mwanangu, mimi nilikuwa karani bandarini kwa miaka 31, kwa hivyo unisamehe nikianza na hesabu kabla ya moyo. Usimsikilize huyo anayetaka uandike barua kesho, maana si yeye atakayelipa karo ya muhula ujao.

Miezi sita bila malipo na akiba ya miezi saba maana yake ni kwamba una mwezi mmoja tu wa kukosea, na hakuna fundi aliyewahi kujifunza kwa kukosea mwezi mmoja. Isitoshe, mwezi wa saba hautaleta mshahara. Utaleta malipo ya kipande kwa mkono ambao bado ni mzito. Ukitaka kuondoka salama, iongeze akiba hiyo ifike mwaka. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka anayelipwa kwa mwezi atoe notisi ya maandishi isiyopungua siku 28, na huenda mkataba wako unataka zaidi, basi usome kabla hujasema lolote ofisini. Ukiondoka, dai cheti cha utumishi, kwa kuwa ni haki yako hata kama mwajiri amenuna. Mumeo kwa kuwa ameajiriwa, hakikisheni kwamba wewe na watoto mmeandikishwa chini ya bima yake ya afya; usipofanya hivyo utajikuta unatakiwa kuilipia ya mwaka mzima kwa mkupuo, na hiyo ni fedha ambayo hukuihesabu. Michango ya uzeeni unaweza kuiendeleza kwa hiari yako, hata kama ni kidogo.

Nikishamaliza hesabu, naomba niseme jambo moja kuhusu meza ya karani, kwa sababu naona kila anayezungumza habari za wito huianza kwa kuitukana meza. Watu wa mji huu tunapenda kumtaja Profesa Ali Mazrui kana kwamba alizaliwa amevaa joho. Alizaliwa hapa mwaka 1933, mtoto wa Kadhi Mkuu, na babake alitamani aende Al-Azhar awe mwanazuoni wa dini. Mzee alifariki wakati Ali ana miaka 14. Mtihani wa Cambridge aliupita kwa daraja la tatu, Makerere wakamkataa, akawa karani katika taasisi ya elimu ya Waislamu, hiyo ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Alibaki karani mpaka alipopata ufadhili wa kwenda kusoma Uingereza mwaka 1955, na haikupita miaka mingi kabla ya Makerere ile ile kumpa uprofesa. Ninachokipenda katika kisa hicho ni ile miaka ya ukarani, wakati ambapo hapakuwa na hata mtu mmoja aliyemwita jasiri.

Kwa hivyo nakushauri hivi. Likizo ya mwaka kwa mujibu wa sheria haipungui siku 21 za kazi. Usiende Lamu wala usikae nyumbani kupaka rangi kuta. Ichukue yote kwa pamoja, uipeleke karakanani, uamke alfajiri kama mwanafunzi, ule chakula cha mwanafunzi. Baada ya hapo utakuwa na la kusema, na babako pia atakuwa na la kusikiliza.

Mpiga Ud

Mimi niliacha, nikashindwa, nikarudi. Nadhani ni vyema mmoja wetu azungumze.

Nilikuwa mhasibu msaidizi katika hoteli moja ya pwani ya kaskazini, na usiku nilikuwa nikipiga ud katika kikundi cha taarab. Meneja aliponivunjia heshima mbele ya wageni kwa kosa ambalo halikuwa langu, niliandika barua siku ile ile na kujiambia kwamba hatimaye nimeuitikia wito. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa tamu kupita kiasi. Kisha nikaja kujua lile ambalo kila mpiga ala mzee wa mji huu analijua, kwamba harusi hujazana kabla ya Ramadhani na baada ya Idi, na katika mwezi wenyewe hakuna anayekualika, huku mwenye nyumba akihesabu miezi yote sawasawa. Nilikopa kwa shemeji, nikakopa kwa rafiki, nikauza pikipiki. Baada ya miezi 22 nilirudi kwenye uhasibu, kwa mshahara mdogo kuliko ule niliouacha.

Lakini si njaa iliyonishinda, na hilo ndilo ninalotaka ulisome kwa makini. Nilipokuwa na ofisi nilikuwa nikisema kwamba ningefanya mazoezi saa sita kwa siku kama ningekuwa na nafasi. Nafasi ikaja. Nilikuwa nikiamka, nikifunga nyuzi, nikipiga nusu saa, kisha nikitoka kwenda barazani kuzungumza habari za muziki. Nilipenda kupiga mbele ya watu. Kule kukaa peke yangu na kipande kimoja cha wimbo mpaka vidole vikitii, sikukupenda. Nilidhani naifuata ala, kumbe nilikuwa naikimbia meza.

Mtakuja kunikumbusha Siti binti Saad, kwamba alizaliwa Fumba katika familia ya wafinyanzi, akauza vyungu, akaingia mjini Unguja akiwa mtu mzima, na alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928 alikuwa amekwisha kuvuka miaka arobaini. Yote ni kweli, na mimi nilikuwa nikiyasema sana wakati ule. Ambalo sikulisema ni kwamba kati ya vyungu na Bombay ipo miaka mingi ya kukaa chini ya mwalimu, akijifunza kuimba kwa Kiarabu neno baada ya neno. Sikuwahi kumsimulia mtu sehemu hiyo kwa sababu haikunipendeza.

Kwa hivyo swali lako la kwanza nakurudishia kwa swali jingine: katika uchongaji, ile sehemu ambayo hakuna anayeitazama wala kuisifu, unaipenda?

Mjukuu wa Seremala

Nashukuru, Karani Mstaafu, na wewe Mpiga Ud nakushukuru zaidi kwa kuwa najua haikuwa rahisi kuandika.

Nimelifikiria swali lako tangu jana, na nitajibu bila kujipamba. Msasa nauchukia, vumbi lake hunikaba na mkono hufa ganzi. Kuchora hunipendeza, lakini kuchora humpendeza kila mtu. Kunoa patasi, hata hivyo, naweza kukaa nako saa nzima. Kuna sauti ambayo chuma hutoa juu ya jiwe kikishakaa sawa, si mkwaruzo tena bali kama mtu anayenong’ona, na nikiisikia natulia. Sijui kama hilo lina maana yoyote.

Fundi wa Randa

Lina maana, dadangu. Nimo katika kazi hii kwa miaka 20 (si mimi uliyezungumza naye, ila huenda tunafahamiana), na wanafunzi wengi walionikimbia walikimbia kunoa.

Acha nikueleze kazi ilivyo, kwa sababu naona humu watu wanazungumza kana kwamba sisi hushinda tukichonga milango ya kifalme. Mlango kamili wa nakshi, wenye miimo, kizingiti cha juu, mfaa na mbao zake mbili, dume na jike, si kazi inayobisha hodi kila wiki. Yanayoiendesha karakana ni fremu za vioo, vitanda, viti, masanduku, na matengenezo ya milango mikuukuu ambayo maji ya chumvi yameila chini. Wateja ni wenye nyumba wa Nyali na wa Nairobi, na mahoteli, na mahoteli wenyewe hulala masika yakiingia. Halafu zimekuja mashine za kuchonga zinazoongozwa na kompyuta, na siwezi kukudanganya, ua linalojirudia mara hamsini mashine hulichonga kwa saa chache na bila kuchoka. Tulichosalia nacho ni kile ambacho mashine haikijui: kuufuatisha mkono wa fundi aliyekufa zamani ili kipande kipya kisionekane kigeni kando ya cha kale, au kuchonga aya na mwaka wa Hijria kwenye kizingiti ambacho kimepinda kwa umri.

Mbao nazo ni mtihani. Mbamba kofi imekuwa adimu, msaji ni ghali, na mwembe ni rahisi lakini huliwa na bungua usipoutibu. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, Februari 2018, sisi tuliokuwa tukinunua kidogo kidogo ndio tulioumia kwanza. Na hata ukiipata mbao, ukiichonga kabla haijakauka sawasawa, unyevu wa mji huu utaifumua nakshi yako mbele ya macho ya mwenye mlango.

Nikupe kisa kimoja. Mwaka wangu wa pili nilipewa mfaa wa nyumba moja ya Kuze. Mfaa ni ule mti wa katikati unaofunika pengo la mbao mbili, na hapo ndipo jicho la mgeni linapotua kwanza. Nilikuwa nimebakiza kama shibiri moja. Patasi ilikuwa imeanza kuwa butu, nami kwa kuwa ilikuwa karibu na adhuhuri na nilikuwa na njaa, niliona uvivu kuinoa, nikaisukuma kwa nguvu. Iliteleza, ikafuata nyuzi za mbao, ikang’oa jani zima la ua na kipande cha ukingo. Kazi ya wiki tatu. Mwalimu wangu hakupandisha sauti. Alikata mti mwingine, akanipa nianze upya, na ule ulioharibika akausimamisha ukutani, mahali nilipokuwa nikila chakula cha mchana, ukakaa hapo mwaka mzima.

Kuhusu kuwa mwanamke, usikitie chumvi wala usikipuuze. Gogo la msaji hubebwa na watu wawili hata wakiwa wanaume, kwa hivyo nguvu si hoja. Hoja ni mambo madogo: mahali pa kubadilisha nguo, mahali pa kuswali, na je, fundi atakutuma dukani kununua chai kwa kuwa wewe ni mwanamke, au kwa kuwa ni zamu yako? Muulize hayo kabla ya kuuliza habari ya malipo. Na ukishajifunza, ufanye ule mtihani wa serikali wa useremala, uanzie daraja la tatu, kwa sababu mahoteli siku hizi huomba karatasi, nasi wazee tusio na karatasi tunapita mlango wa nyuma.

Bi Mkubwa wa Bondeni

Nimewasoma nyote. Kijana Pita Njia, Mekatilili muache apumzike. Huyu mwanamke hakutumwa kupigana na serikali, ametumwa kwenda kuzungumza na babake, na mimi naona hilo linahitaji ushujaa zaidi.

Mwanangu, wewe huogopi njaa. Njaa umekwisha kuipigia hesabu hadi mwezi wa saba. Unachoogopa ni kuonekana. Unaogopa siku ambayo mteja wa ofisi yako, aliyezoea kukuona nyuma ya kompyuta na buibui lako limenyooshwa, atapita Ngomeni akukute umekaa chini, vumbi limekujaa kopeni, na kijana wa miaka 19 amekushika mkono anakuonyesha namna ya kushika patasi. Najua kwa kuwa nimepita hapo hapo.

Mimi nilijifunza kusoma na kuandika nikiwa na miaka 47, katika darasa la ngumbaru. Wakati huo nilikuwa na wajukuu wawili, na mtaa mzima ulikuwa ukiniita mama. Mwalimu alikuwa rika la mwanangu wa tatu. Siku ya kwanza alinishika mkono kuniongoza herufi, mkono ukatetemeka, na wenzangu wawili nyuma wakacheka; nikatamani ardhi ipasuke initie ndani. Nilikwenda nyumbani nikasema sirudi. Nilirudi kwa sababu moja tu, na si kubwa: nilikuwa nimesahau leso yangu kwenye dawati. Nilipofika kuichukua, mwalimu alikuwa ameliandika jina langu ubaoni, peke yake, kubwa, nami nikalitambua. Haya unayoyasoma nimeyaandika kwa vidole vyangu, ingawa mjukuu amenirekebishia nukta.

Swali lako la watoto nalo nimelisikia, lakini hapo umetumia neno ambalo si lake. Nani aliyekwambia kwamba ni raha? Miezi sita ya kutumwa na kurekebishwa si raha. Kama ungekuwa unakwenda kustarehe, mumeo angekwambia la. Amesema wewe ndiwe ujuaye, na mimi katika ndoa yangu ya miaka 40 nilijifunza kwamba maneno hayo mwanamume huyasema anapoogopa na hataki kukuambukiza woga wake. Kaa naye tena, muulize anaogopa nini hasa, mkaandike pamoja.

Ama babako, yeye hakusema hapana. Alisema hakukusomesha kwa ajili hiyo, na hiyo ni hesabu ya mtu aliyelipa karo kwa shida. Usimwendee na hoja. Mwendee na kitu ulichokichonga, ukiweke mapajani mwake, unyamaze.

Mjukuu wa Seremala

Nimerudi baada ya wiki sita, kwa kuwa niliona si adabu kuwauliza watu kisha kutoweka.

Nilichukua likizo yangu yote, siku 21, nikaipeleka karakanani. Siku nne za kwanza sikugusa ubao. Nilinoa tu, patasi za kila mtu. Siku ya sita alipita mteja wetu mmoja wa magari kutoka Japani, akasimama, akanitazama, akasema, “Bi, kumbe wewe?” kisha akaniuliza habari za kontena lake. Nilimjibu nikiwa nimekaa chini. Bi Mkubwa, ardhi haikupasuka, ila masikio yaliniwaka mpaka alasiri.

Vijana walianza kwa kuniita mama na kuninyang’anya kila kitu kizito, na mwisho wa wiki ya pili mmoja wao akanikaripia kwa kuacha patasi ubavuni mwa meza ambapo ingeweza kumchoma mtu, kisha akaona haya na kuomba msamaha. Nilimwambia asiombe. Kulikuwa pia na sanduku la mteja wa ng’ambo ambalo fundi hakujua namna ya kulisafirisha. Nililiandalia hati zote kwa siku moja na akafurahi kupita kiasi, akasema kwamba mtu kama mimi ana faida mara mbili. Sijui kama hilo ni baraka au ni mtego, kwa sababu siku ile sikushika patasi kabisa, na nilirudi nyumbani nikiwa mchovu kwa namna ile ile ya ofisini.

Kwa Baba nilikwenda na kijisanduku cha vito, cha pili, kile ambacho sijakiuza. Alikifungua, akakifunga, akakigeuza chini juu, akaniuliza ni mti gani. Nikamwambia mwembe. Akasema, “Mwembe huliwa na bungua.” Hakusema jingine, lakini kijisanduku hakunirudishia, na Mama ananiambia kwamba kimewekwa juu ya kabati la chumbani na kupakwa mafuta ya taa.

Tumekaa na mume wangu tukaandika. Sijaacha kazi. Nitaiacha mwisho wa Desemba, akiba itakapofika mwaka mmoja kama alivyoshauri Karani Mstaafu, na meneja nimekwisha kumwambia kwa mdomo ili asije akashtuka. Alinyamaza, kisha akaniomba nimfunze kijana wa kunirithi. Hadi wakati huo fundi amekubali niende Jumamosi. Vyoo na mahali pa kuswali vipo. Chai ni kwa zamu.

Nina swali moja la kazi, na nalielekeza kwa Fundi wa Randa. Kile kinoo cha babu yangu, chenye bonde katikati, kila nikinolea patasi iliyonyooka juu yake makali hutoka yamepinda. Vijana wananiambia nikisugue kwenye saruji na mchanga mpaka kiwe sawa. Mkono wangu haukubali kulifuta bonde hilo, ambalo ni yeye aliyelichimba kwa miaka yake yote, lakini sitaki pia kuwa mtu wa kuabudu jiwe. Nifanyeje?

Fundi wa Randa

Usikiguse. Patasi iliyonyooka hailichimbi bonde la namna hiyo kwa fundi anayejua kazi yake, kwa sababu angelisawazisha kila mwezi. Alikuwa akinolea patasi za duara, zile za kuchongea majani ya maua, na zinahitaji bonde ili mgongo wake ukae. Zitazame zile kumi na moja, utazikuta ndani yake. Chukua ile inayolala sawasawa na bonde, ndiyo aliyoitumia zaidi. Kisha ukigeuze kinoo, usawazishe upande wa pili kwa mchanga na maji, huo uwe wa patasi zako zilizonyooka.